Wakuu, mafuta gani yanalainisha ndevu kweli? Zangu ngumu na zinawasha

Kijana wa Chamazi

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye ndevu na hata akina dada mnaojua mambo ya nywele maana naona ni jambo lilelile. Nimefuga ndevu tangu mwanzo wa mwaka, sasa zimefika kama inchi moja hivi, zimejaa vizuri, shida ni ugumu. Yaani ukipitisha mkono unasikia zinakwaruza kabisa, na zile za kidevuni zimejisokota kila moja inaelekea kwake, asubuhi nikichana kitana kinakwama na nyingine zinakatika. Nina mtoto wa miezi saba, nikimbusu anageuza uso na ngozi yake pale shavuni inabaki na alama, hilo ndo limenifanya nianze kutafuta suluhisho kwa nguvu.

Halafu zinawasha, hasa jioni nikitoka kazini, na nikivaa shati jeusi naona vitu vyeupe vimedondokea kifuani.

Ninachotumia mpaka sasa ni mafuta ya zeituni yale ya jikoni, napaka asubuhi nikitoka kuoga nikishajifuta vizuri na usiku kabla ya kulala, napaka ya kutosha tu mpaka zing'ae. Zinakaa laini kwa muda halafu zinarudi vilevile. Kuoga natumia sabuni ya kipande ileile ya mwili, na maji ni ya kisima, yana chumvi kiasi, mtaani kwetu ndo tunayotumia wote. Nimepita Kariakoo nikaona vichupa vya mafuta ya ndevu vya mililita 30, kimoja elfu 25 kingine elfu 8, vyote vimeandikwa jojoba na argani, ukimuuliza muuzaji tofauti anakwambia zote kali bosi wangu chukua. Kazini nako jamaa mmoja anasema mnyonyo ndo kila kitu, mwingine anasema nazi, mzee mmoja anasema paka vaselini uachane na mambo mengi.

Nashika lipi? Na je nipake mara ngapi kwa siku? Hela ya kununua kichupa ninayo ila sitaki kununua kitu kwa sababu kina picha ya mtu mwenye ndevu nzuri.

---

Fundi Mashine Sinza

Mkuu karibu. Mimi ni kinyozi, ndevu ndo kazi yangu kila siku kwa hiyo ntaongea ninachokiona kitini.

Kwanza kabla ya mafuta tuongelee maji, kwa sababu hapa ndo watu wengi wanapotea. Mafuta hayana unyevu ndani yake. Unywele unalainika kwa maji, ukishanywa maji unalegea unakubali kulala, kazi ya mafuta ni kuzuia yale maji yasiondoke haraka. Sasa wewe unasema unajifuta vizuri halafu ndo unapaka, maana yake unafungia ukavu mkuu, ndo maana baada ya muda umerudi palepale hata ukipaka kikombe kizima.

Ngoja nikwambie tunavyofanya saluni. Mteja akikaa na ndevu zimekakamaa sigusi mafuta wala mashine. Nachukua taulo dogo nalichovya kwenye maji ya moto nalikamua mpaka halidondoshi, nalijaribu kwanza kwenye mkono wangu kwa ndani lisimuunguze, halafu namfunika kuanzia chini ya pua mpaka shingoni namuacha dakika mbili tatu. Nikilitoa ndevu zimeshalegea, zile zilizojikunja zinafunguka zenyewe, hapo hata kitana kinapita bila kuvuta. Nikishapangusa yale maji yanayotiririka ndo natia mafuta, matone manne matano tu kwa ndevu za inchi moja kama zako, nayasugua viganjani kwanza, naingiza vidole mpaka kwenye ngozi, nazunguka na ncha za vidole, halafu ndo nashuka na unywele mpaka mwisho. Watu wanapaka juu juu ndevu zinang'aa ngozi chini imekauka, mtu anajikuna siku nzima. Ukimaliza chana kuanzia nchani ukipanda juu taratibu, usianzie kwenye ngozi ukashusha kwa nguvu, hapo ndo zinakatika. Kitana cha meno mapana, cha mbao kama utakipata.

Kitu cha pili ni ncha. Unywele ukikatwa na mashine unabaki na kona kali, na ndevu nene zile kona ndo zinamchoma mtoto. Mafuta hayaondoi kona. Kila baada ya wiki mbili tatu mwambie kinyozi wako akupunguzie zile zinazochomoza kwa mkasi, siyo mashine, taratibu utaona tofauti.

Sabuni ya kipande acha kabisa kwenye ndevu. Tumia shampuu laini mara mbili kwa wiki, au tatu kama kazi yako ni ya vumbi, na kondishena yoyote ya kawaida, ile ile ya nywele za mama watoto, iache dakika mbili halafu suuza. Siku nyingine maji matupu yanatosha.

Mafuta yenyewe? Kwa ndevu za kwetu hizi za kujikunja, mimi nazi ndo napenda. Mnyonyo ni mzito unanata, peke yake unakusanya vumbi la barabarani lote, changanya sehemu moja ya mnyonyo na sehemu tatu za mafuta mepesi, unasaidia kulaza zile zilizosimama. Jojoba ni nzuri sana haina uzito, ila soma lebo, nyingi zinazouzwa bei ya chini jojoba imeandikwa mbele kwa herufi kubwa, ukigeuza nyuma kwenye orodha ya vilivyomo iko mwisho kabisa. Kile kinachotajwa mwanzo ndo kingi.

---

Dada wa Famasi

Naunga mkono aliyosema Fundi kuhusu maji na sabuni. Ila kaka wa Chamazi kabla hujanunua chochote nataka nikuulize hivyo vitu vyeupe, ni vikavu vidogo vidogo au vina mafutamafuta na rangi ya njano kwa mbali? Na je unavyo pia kwenye nyusi, pembeni ya pua au nyuma ya masikio? Chini ya ndevu ngozi ni nyekundu au imebadilika rangi?

Nauliza kwa sababu kuwashwa pamoja na hayo magamba inaweza kuwa mba wa ndevu, na kama ni mba basi zeituni unayopaka asubuhi na jioni inauchochea. Kuna fangasi wadogo wanaitwa Malassezia, wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima na kwa kawaida hawana neno. Hawawezi kujitengenezea asidi za mafuta wenyewe, kwa hiyo wanakula za kwenye ngozi yetu, na mafuta mengi ya mimea, zeituni, nazi, alizeti, yamejaa hizohizo. Ngozi ya wengine inavumilia, ya wengine inawaka. Na hili joto letu la Dar pamoja na jasho ndo kabisa.

Zeituni pia kwa ngozi siyo nzuri kama watu wanavyodhani. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013, watu wazima walipakwa mikononi zeituni na alizeti kwa wiki kadhaa, zeituni ilidhoofisha ule ukuta wa juu wa ngozi, alizeti haikudhoofisha. Kwa hiyo hata kwa asiye na mba, kama ni kuchukua kitu jikoni bora achukue alizeti safi ya Singida kuliko zeituni.

Nijibu kwanza tuendelee.

---

Kijana wa Chamazi

Dada asante sana. Vina mafutamafuta ndiyo, njano kwa mbali, na pembeni ya pua pia vipo, hasa ule mkunjo unaoshuka mdomoni. Nyusi kidogo. Nilidhani ni ukavu ndo maana nikawa naongeza mafuta.

Fundi hapo kwenye taulo umenifungua macho, nimefanya usiku huu kitana kimepita chote.

---

Dada wa Famasi

Basi ulivyoeleza inafanana sana na mba. Fanya hivi kaka. Nenda duka la dawa uliza shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2. Lowesha ndevu, paka, sugua mpaka kwenye ngozi na pembeni ya pua pia, iache dakika 3 mpaka 5, suuza vizuri isiingie machoni. Mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili mpaka nne. Ikikaukiza ndevu weka kondishena baada yake kwenye nywele tu. Ukimaliza hizo wiki na hali haijabadilika, au ukiona panatoa maji, pana usaha, au nywele zinanyofoka kwa mafungu, nenda kwa daktari wa ngozi, maana hiyo inaweza kuwa choa ya ndevu na ile inatibiwa kwa vidonge, siyo shampuu.

Kwa kipindi hicho acha zeituni na nazi. Ukitaka ulaini tumia vitu ambavyo wale fangasi hawali. Cha kwanza ni mafuta mepesi ya watoto yale yanayoonekana kama maji, yanatokana na petroli, chagua yasiyo na manukato. Vaselini nayo ni ndugu yake, kiasi cha punje ya harage inatosha ndevu zako zote, kwa hiyo yule mzee wa kazini kwako hakukudanganya. Cha pili glisirini, weka matone machache kwenye kiganja chenye maji, paka ndevu zikiwa bado mbichi. Usipake glisirini kavu bila maji, inanata na inaweza kuvuta unyevu kutoka kwenye ngozi yako mwenyewe.

Nimalizie na onyo maana naliona sana dukani. Watu wakiwashwa kidevuni wanakuja kuomba tyubu zile za dawa tatu ndani ya moja, zina steroidi. Siku mbili unaona muujiza, ukiendelea ngozi inakuwa nyembamba, vipele vinaongezeka, mishipa inaonekana, na kama ilikuwa choa inaenea chini kwa chini. Usoni usipake hizo bila kuandikiwa na daktari.

---

Mzawa Temeke

Dada samahani, mafuta ya petroli usoni? Si ndo yale wanasema yanaziba matundu na yana sumu? Mi nimeyaacha muda mrefu natumia vya asili tu.

---

Dada wa Famasi

Mzawa swali zuri. Yanayouzwa kwa ajili ya ngozi yamesafishwa mpaka yanapakwa watoto wachanga na yanawekwa kwenye marhamu za hospitali. Hayaingii ndani ya unywele, hayalishi nywele, yanakaa juu yanazuia maji kutoka, basi. Nazi kwa mfano inakuzidi hapo, ina asidi ya lauri kama nusu yake nzima na molekuli zake zinapenya ndani ya unywele. Kuna utafiti wa India wa 2003 walilinganisha nazi, alizeti na hayo ya petroli kwenye nywele, nazi peke yake ndo ilipunguza protini kupotea wakati wa kuosha. Kwa hiyo kwa unywele wenyewe nazi ni bingwa. Lakini chini ya ndevu kuna ngozi, na ya kaka huyu ina mba sasa hivi. Usoni tunaanza na ngozi halafu ndo tunaangalia nywele.

Vya asili ni vizuri ila mkumbuke upupu nao ni wa asili.

---

Mama Nassra

Wanangu mimi nyumbani ni Pangani ila niko Mbagala miaka mingi, nauza mafuta ya nazi napika mwenyewe. Aliyosema binti wa famasi kuhusu mba ni kweli, mume wangu alikuwa nao, alisubiri ukaisha ndo akarudi kwenye nazi, na mpaka leo ndevu zake nyeupe zile ni laini.

Nataka niseme tu kwamba nazi siyo nazi. Mnanunua sokoni kitu kinanukia nazi kwa mbali mnapaka halafu mnasema nazi mbaya. Ya kupika nyumbani inataka nazi kavu iliyokomaa, ukiitikisa unasikia maji yanacheza ndani. Unakuna, unakamua tui zito lile la kwanza bila kuongeza maji mengi, unaliacha usiku kucha kwenye bakuli. Asubuhi lile zito limepanda juu, unalienga, maji ya chini unamwaga. Unabandika kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa, na hapo usiende kokote. Litachemka na kutoa povu jeupe, halafu povu litapungua, litaanza kujikata, mafuta juu maji chini, maji yataendelea kukauka yanatoa sauti ya kutatarika. Sauti ikipungua na yale mashapo ya chini yakianza kuwa rangi ya kahawia hafifu, ipua. Ukichelewa hapo yakawa meusi mafuta yananuka moshi na hiyo harufu haitoki ndevuni hata ufanyeje. Chuja kwa kitambaa safi kikavu, tia kwenye chupa kavu. Nasema kavu kwa sababu tone moja la maji likibaki ndani mafuta yanaharibika mapema, utasikia harufu kali ya uchachu, hayo usipake usoni tena.

Kujua kama umeuziwa halisi, weka kidogo kwenye friji. Nazi safi inaganda yote inakuwa nyeupe, hata bila friji mwezi wa saba usiku ukiwa na baridi unakuta imeganda yenyewe kwenye chupa, inaanzia chini ya nyuzi 24 hivi. Ukikuta imeganda nusu na juu kuna kimiminika kisichoganda hata ukikiacha siku nzima, wamechanganya.

Na wewe baba wa mtoto, huyo mtoto bado mdogo, anashika uso wako anatia mkono mdomoni. Usipake ndevuni kitu chenye mentoli, kafuri au mkaratusi. Vile vinavyofungua pua za watu wazima vinaweza kumbana pumzi mtoto mdogo. Naona vichupa vingi vya ndevu vimeandikwa baridi, fresh, mara nini, hivyo achana navyo mpaka akue.

---

Kijana wa Chamazi

Mama Nassra shikamoo, na asante sana, hilo la mtoto sikulijua kabisa na kichupa cha elfu 8 nilichokishika Kariakoo kilikuwa na harufu hiyohiyo ya baridi. Shampuu nimeshapata leo. Mba ukiisha ntakuja inbox kuagiza ya nazi, si tuko jirani tu.

---

Mama Nassra

Marhaba mwanangu. Karibu.

---

Makame wa Ng'ambo

Assalaam aleikum. Mimi niko Zanzibar ila naja Dar kila mara kwa biashara. Nataka kuchangia upande wa harufu na rangi maana huku ndevu ni sunna na watu wanazipenda zinukie, hasa Ijumaa.

Kuna mtindo umeanza wa kupaka mafuta ya karafuu moja kwa moja wakisema yanaotesha na kulainisha. Jamani hayo yanaunguza. Karafuu sehemu yake kubwa ni yujenoli, ndiyo ileile inayotia ganzi jino. Yale yanayotoka kiwanda cha Makonyo Pemba ni makali yaliyokolea, hayakutengenezwa kumwagwa shavuni. Kama unapenda harufu yake tia matone matatu yasizidi kwenye mil 30 za mafuta mengine, tikisa, jaribu nyuma ya sikio ukae siku moja mpaka mbili uone. Pakiwasha au kubadilika rangi, siyo yako. Na kwa mwenye mtoto wa kunyonya kama ndugu wa Chamazi bora asitie harufu yoyote kwa sasa. Udi na miski za mafuta hivyohivyo, pakeni kwenye nguo au nyuma ya shingo, harufu inafika tu.

La pili ni hina. Hina ya kweli inatoa rangi ya machungwa kwenda wekundu, haitoi weusi, hata ungeiacha mpaka alfajiri. Ukiuziwa hina nyeusi ujue imetiwa rangi ya nywele ya kemikali, PPD, kama ile tunayoita piko. Wapo inaowakubali, lakini wapo inaowavimbisha uso mzima macho yakafumba, na ikishakukataa mara moja haikukubali tena maishani. Na mtu anaweza kuitumia muda mrefu salama halafu siku moja ikamgeukia. Wazee wenye mvi wanaotaka weusi nawaomba sana wajaribu kwanza tone dogo mkononi, wasubiri siku mbili.

Mwisho, hina inakausha ndevu, ukishaiosha hapo ndo mafuta yana maana hasa.

---

Bado Hazijajaa

Mi yangu ni tofauti kidogo, zangu zina mapengo mashavuni, nimesikia mnyonyo unaotesha, mwingine anasema minoksidili. Miaka 22. Nianze na ipi?

---

Dada wa Famasi

Mdogo wangu miaka 22 bado kabisa, wanaume wengi ndevu zinaendelea kujaa mpaka wanakaribia 30 na kuendelea, na nyingine ni urithi tu, angalia baba na wajomba. Mnyonyo hauna ushahidi wa kuotesha. Ni mzito unalaza nywele pamoja zinaonekana nyingi na nyeusi zaidi, ndo maana watu wanaapa unaotesha. Kupaka paka tu. Ila kitu kimoja nakuomba, usisage mbegu za mnyonyo nyumbani kutengeneza dawa yako. Mbegu ile ina sumu kali sana inaitwa risini. Yanayouzwa yamekamuliwa kiwandani, sumu haiingii kwenye mafuta.

Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha, ya kupaka iliruhusiwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya upara wa kichwani, siyo ndevu. Wapo wanaopaka usoni, ila inaweza kukausha ngozi, kuwasha, moyo kwenda mbio kwa baadhi, na ukiacha zinaweza kupukutika ulizozipata. Hiyo ni dawa, usiinunue kwenye kurasa za mitandaoni zisizojulikana. Kama unafuga paka ndani ya nyumba ndo kabisa usiguse, inawaua.

---

Mzawa Temeke

Fundi na mimi nina swali, zangu nanyoa chini kabisa kila wiki, shingoni vipele haviishi, vingine vina unywele umejikunja ndani. Kuna mafuta ya kuvimaliza? Nilikuwa napaka ndimu baada ya kunyoa inakausha lakini panabaki peusi.

---

Fundi Mashine Sinza

Mzawa ndimu acha leo leo. Majimaji ya ndimu yakikutana na jua la Dar yanachoma ngozi na kuacha huo weusi, na unachukua miezi kutoka.

Vipele vyako chanzo ni kunyoa chini sana. Nywele zetu zimejikunja tangu kwenye shina, ukizikata usawa wa ngozi au chini yake, zikiota ile ncha inajipinda inarudi kuchoma ngozi kwa ndani. Hakuna mafuta yanayozuia hiyo. Mwambie anayekunyoa aache kidogo, mashine bila kuvuta ngozi, wembe usiguse shingo, aelekee zinakoota asirudi kinyume. Mashine isafishwe kwa dawa kabla ya kukugusa wewe, siyo brashi tu ya kupangusa nywele. Ukiweza acha kabisa kunyoa kwa mwezi mzima, zile zilizoingia ndani nyingi zitatoka zenyewe, usizichokonoe na sindano. Kabla ya kunyoa taulo la moto kama nilivyoeleza juu, baada ya kunyoa taulo la baridi na mafuta mepesi kidogo sana yasiyo na harufu.

---

Kijana wa Chamazi

Wakuu swali la mwisho kabla sijawaachia. Maji. Nimeanza shampuu ila ya kisima povu halitoki vizuri, na nikikauka nahisi kama kuna utando kwenye ndevu.

---

Mzawa Temeke

Hapo nina uzoefu mkuu, sisi wa kusini mwa jiji tunajuana. Maji ya visima vyetu mengi ni magumu na ya chumvi, sabuni ya kipande ikikutana nayo inatengeneza ule utando mweupe unaouona mpaka kwenye ndoo, ndo huo unakaa ndevuni. Shampuu haiufanyi sana kama sabuni lakini povu linapungua ndiyo. Kuchemsha hakutoi chumvi kwa hiyo usipoteze gesi. Mi nafanya hivi, naoga mwili mzima na ya kisima kama kawaida, ndevu nazimalizia na kopo moja la maji baridi yasiyo na chumvi. Msimu wa mvua nakinga ya bati, mvua ya kwanza naiacha ioshe bati kwanza. Kiangazi natumia ya DAWASA nikipata dumu kwa jirani mwenye bomba, lita ishirini zinakaa muda mrefu sana kwa kazi hiyo moja. Ukishasuuza na hayo usizikaushe kwa taulo kwa kusugua, zibonyeze tu, ndo utie hayo mafuta yako ya watoto zikiwa bado na unyevu.